Roshani za Mizingani: Historia ya Nyumba na Wenyewe

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, mashairi na methali peke yake. Umo pia katika nyumba. Mtu ajengapo huacha katika kuta na paa habari zake nyingi ambazo pengine hakukusudia kuzisema: alikuwa na mali kiasi gani, aliipata kwa njia gani, alimheshimu nani, na alitumaini kukumbukwa kwa muda gani. Kwa hiyo nyumba ya zamani ni kitabu, na kama kitabu chochote, haimfai asiyejua kuisoma.

Katika makala haya tunakusudia kuisoma nyumba moja. Nayo ipo Mizingani, ukingoni mwa bahari, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na watu wengi huijua kwa jina la Zahanati ya Zamani. Ilijengwa kati ya mwaka 1887 na mwaka 1894, katika zama za Malkia Victoria wa Uingereza. Kiwiliwili chake ni cha mawe na chokaa, lakini uso wake, ambao ndio ulioipa sifa, ni wa mbao zilizochongwa. Tutaeleza kwanza jinsi ilivyojengwa, kisha tutaifuata katika mikono iliyoimiliki, na mwishoni tutauliza swali ambalo twaona ni la taifa zima: nyumba ni ya nani? Je, ni ya aliyetoa fedha, ya aliyeichonga, ya mwenye hati, au ya mwenye kuitunza?

Sisi tunaoandika ni wenyeji wa Kisawasawa, katika bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, mbali na bahari. Msomaji aweza kuuliza, mtu wa mpunga ana habari gani na roshani za Unguja? Jibu letu ni kwamba kwetu, nyumba ya jadi ilikuwa ya miti, fito na udongo, yenye paa la nyasi. Na shambani, mpunga unapoanza kuiva, mkulima hujenga dungu juu ya miti ili apate kuwinga ndege. Nyumba za namna hiyo zina sharti moja, kwamba kila mwaka zidai kazi. Mvua ikipita, udongo hukandikwa upya. Nyasi zikioza, hubadilishwa. Mchwa akionekana, huondolewa kabla hajafika kwenye mwamba wa paa. Mwenye nyumba akisafiri misimu miwili, hurudi akakuta kichuguu. Tulijifunza tangu utoto kuwa kumiliki nyumba si neno bali ni kazi. Kwa jicho hilo ndilo tuliitazama nyumba ya Mizingani.

MWENYE NYUMBA WA KWANZA

Aliyeanzisha ujenzi alikuwa Tharia Topan, mfanyabiashara aliyezaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1823, akaja Unguja angali mtoto. Alianza chini, akapanda mpaka akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Zanzibar. Katika miaka ya 1870, wakati wa utawala wa Sultani Barghash, aliikodi forodha. Ni vema tueleze maana ya jambo hilo. Siku hizo serikali haikuwa na maofisa wake wa kukusanya ushuru bandarini. Mfanyabiashara alikubaliana na Sultani kumlipa fedha maalumu kila mwaka, kisha yeye mwenyewe akautoza ushuru wa bidhaa zote zilizoingia na kutoka. Kilichozidi kilikuwa chake. Aliyeishika forodha aliushika mlango wa nchi.

Kazi yake ya pili ilikuwa kukopesha misafara. Msafara wa kwenda bara ulihitaji nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti kabla haujapiga hatua ya kwanza, na wachache walikuwa na fedha za kununulia vitu hivyo. Tharia Topan alitoa bidhaa kwa mkopo, naye akalipwa kwa pembe za ndovu msafara uliporudi. Miongoni mwa waliosafiri kwa mali yake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye historia inamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip. Pembe hizo zilivushwa bahari zikaenda Ulaya na Marekani, zikageuzwa vitana, vipini vya visu na vibao vya kinanda.

Mwaka 1887 Malkia Victoria alitimiza miaka 50 katika ufalme. Zanzibar wakati huo ilikuwa bado na Sultani wake, na haikutangazwa kuwa chini ya himaya ya Waingereza mpaka mwaka 1890. Lakini wafanyabiashara wengi wenye asili ya Bara Hindi walihesabiwa kuwa raia wa Malkia, na balozi wa Uingereza alikuwa na sauti kubwa mjini. Tharia Topan akaamua kuiadhimisha jubilei ile kwa kujenga hospitali ya hisani. Jiwe la msingi likawekwa mwaka huohuo. Mwaka 1890 Malkia akamtunukia cheo cha heshima, akaitwa Sir Tharia Topan. Mwaka uliofuata, 1891, alifariki dunia huko Bara Hindi, nyumba yake haijaisha.

Hapa twaona mambo mawili kwa mpigo. Hospitali ni jambo jema, na jamii yoyote humshukuru anayeijenga. Lakini jina lililotukuzwa lilikuwa la malkia wa ng'ambo, na fedha zilizoitukuza zilitoka bara. Wahenga walisema, Mgala muue na haki mpe. Hatutaki kumnyima Tharia Topan haki yake ya ukarimu, wala hatutaki ukarimu huo utufunike macho.

JINSI ILIVYOJENGWA

Usione vyaelea, vimeundwa. Ramani ya nyumba ilichorwa na Hashem Virjee Patel, fundi mkuu kutoka Bara Hindi, na mafundi wa kuchonga waliletwa kutoka hukohuko. Ni nyumba ya ghorofa nne, kwa kuihesabu ile ya chini, nayo yaelekea baharini ili kila chombo kinachotia nanga kiione.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe katika tanuri la kuni, kisha kuizimua kwa maji na kuichanganya na mchanga. Ukuta wa chokaa una tabia yake: hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, kama mtu anayevuta pumzi. Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vingi vya kale vya pwani ni virefu na vyembamba. Mwanafunzi na azingatie jambo hilo: mti uliomea katika matope ya bahari ndio uliomwagiza tajiri chumba chake kiwe na upana gani.

Mbele ya kuta hizo ndipo zilipotundikwa roshani za mbao, moja juu ya nyingine, zikiwa na nguzo, vizuizi na mapazia ya mbao yaliyotobolewa kwa nakshi mithili ya kitambaa cha darizi. Baadhi ya madirisha yana vioo vya rangi. Kwenye kuta kuna mapambo ya lipu yaliyoiga majengo ya Ulaya: nguzo za kubandika, taji na mashada. Ndani kuna behewa, yaani ua uliozungukwa na vyumba na roshani za ndani, na nuru hushuka kutoka juu mpaka ghorofa ya chini. Behewa si geni pwani. Tangu kale nyumba ya Mswahili na nyumba ya Mwarabu zimejua kuficha ua wake ndani ili watu wa nyumbani wapate hewa bila ya kutazamwa na mpita njia. Lakini roshani zinazotazama barabarani zilivuma zaidi katika karne ya 19, na nyingi zilichongwa na mikono iliyojifunza kazi Gujarat na Kutch.

Basi nyumba hii moja ina mawe ya Unguja, nakshi za Bara Hindi, mapambo ya Ulaya na ua wa desturi ya pwani. Wako watu wanaodhani kuwa utamaduni safi ni ule usiochanganyika na kitu. Nyumba ya Mizingani yawajibu kwamba utamaduni wa bandari ni kama lugha yetu ya Kiswahili: hupokea maneno ya wageni, ukayavalisha viambishi vyake, yakawa yake.

Hata hivyo, tukiishia kwenye nakshi tutakuwa tumesoma jalada la kitabu tu. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Pembe za ndovu hazikutembea zenyewe kutoka bara. Zilibebwa mabegani na watu wa bara, mwendo wa miezi, na biashara iliyozinunua ilikuwa dugu moja na biashara iliyowanunua binadamu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria visiwani mpaka mwaka 1897. Weka tarehe za ujenzi wa nyumba kati ya miaka hiyo miwili, nawe utaona kuwa wakati roshani zile zinapachikwa, watu waliokuwa wakichuma karafuu mashambani walikuwa bado hawajawa huru mbele ya sheria. Majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe la msingi. Hivyo ni wajibu wa mwalimu, anapowaonyesha wanafunzi uzuri wa mbao, awaonyeshe pia bega lililobeba.

MIKONO ILIYOIMILIKI

Baada ya kifo cha Tharia Topan, mjane wake, Janbai, aliuendeleza ujenzi mpaka ukakamilika mwaka 1894. Lakini ile hospitali kubwa iliyokusudiwa haikupata kuwa. Ilipofika mwaka 1900 nyumba ilikuwa imeuzwa kwa wasimamizi wa mali ya marehemu Haji Nasser Nurmohamed, Mhindi mwingine wa Unguja, aliyekuwa wa jamaa ya Waithnaashari. Wasimamizi hao waliigawa nyumba kwa busara: ghorofa ya chini wakaifanya zahanati ya hisani, na za juu zikawa makazi. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Zahanati. Nia ya mwenye nyumba wa kwanza ilitimizwa, kwa kiasi kidogo, na mwenye nyumba wa pili.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Wengi wa wenye nyumba wa Mji Mkongwe waliondoka, na nyumba zao zikawa mali ya serikali. Familia kutoka mashamba na kutoka Pemba zilipewa vyumba katika majumba ambayo kabla ya hapo hazikuthubutu kuyakanyaga isipokuwa kwa kazi ya utumishi. Hilo lilikuwa tendo la haki, na anayelibeza na akumbuke bega tulilolitaja. Zahanati nayo ikaingia katika mikono ya umma.

Lakini hapa ndipo msomaji anapotakiwa kusoma kwa uaminifu. Katika miaka ya 1970 na 1980 nyumba ilichakaa. Hapana adui aliyeivunja. Ilivunjwa na maji. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta. Chokaa hulowa na kupukutika. Boriti huoza pale zilipoingia ukutani, mahali ambapo jicho halioni. Roshani hulegea vishikizo vyake na kuanza kuinama. Hatua hizo huenda polepole, na kila moja yaweza kuzuiwa kwa gharama ndogo kuliko ile inayoifuata. Ndoo moja ya chokaa isiyopatikana mwaka huu hudai ukuta mzima baada ya miaka 10.

Mwaka 1990 serikali iliikodisha nyumba kwa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, jamaa aliyotoka Tharia Topan mwenyewe. Ukarabati ulifanyika katika miaka ya 1990. Mbao zilizooza zilibadilishwa kwa kuchongwa upya katika sura ya zile za zamani, lipu ikarudishwa kwa chokaa, na mafundi wa Zanzibar wakapata kujifunza kazi ambazo zilikuwa zinakaribia kusahauliwa. Nyumba ikafunguliwa kwa ajili ya shughuli za utamaduni. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

NYUMBA NI YA NANI?

Katika utumishi wetu serikalini tuliwahi kulishika jalada la nyumba moja ya umma katika wilaya ambayo hatutaitaja. Barua ya kwanza ilisema bati moja limeng'oka. Barua ya pili, ya mwaka uliofuata, ilisema dari imeanguka. Ya tatu ilisema ukuta una ufa. Kila barua ilikuwa imegongwa mihuri na kuandikwa kwa Kiswahili fasaha, na kila ofisi iliipeleka kwa ofisi nyingine ikiwa na maelezo mazuri. Barua ya mwisho iliomba kibali cha kuibomoa. Sisi wenyewe tuliitia sahihi mojawapo ya barua hizo, na hatukwenda kuitazama nyumba. Tunaungama hayo kwa sababu hatupendi kuwalaumu wengine kwa kosa ambalo kalamu yetu imelishiriki.

Wazee wa kwetu wasingeielewa habari hiyo. Kwao, mwenye nyumba ni yule anayepanda juu ya paa mvua ikikaribia. Wasingeuliza hati iko wapi. Wangeuliza nani aliikandika mara ya mwisho. Tukiipima nyumba ya Mizingani kwa kipimo hicho, tutasema kwamba Tharia Topan aliianza, wachukuzi wa bara waliigharimia bila ya kuulizwa, mafundi waliipa uhai, Janbai aliimaliza, wasimamizi wa Haji Nasser waliitumia vema, na Mapinduzi yakaifanya ya wote. Lakini kilicho cha wote bila ya mlinzi ni cha mvua na mchwa. Haki ya kumiliki ilipatikana siku moja. Wajibu wa kumiliki hudaiwa kila siku.

Jambo hili si la kale tu. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 mwendo mfupi tu kutoka Zahanati ya Zamani, iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Majengo mawili yaliyotazama bahari moja, yenye umri unaokaribiana, yakapata majaliwa mbalimbali. Tofauti yao haikuwa uimara wa mawe.

Kwa walimu tunatoa shauri. Si lazima mwanafunzi wa Kilombero avuke bahari ili ajifunze somo hili. Katika bonde letu na upande wa Ulanga, tangu miaka ya 1990, yamekuwapo mashamba makubwa ya misaji, ambayo wengi huiita mitiki. Huu ndio mti ambao majahazi yaliuleta Unguja kutoka Bara Hindi, ukapendwa na waseremala kwa kuwa una mafuta ndani yake na mchwa hauwezi kwa urahisi. Mti uliokuwa mgeni wa pwani sasa ni mwenyeji wetu. Mwalimu na awachukue wanafunzi wake wakautazame, kisha waende katika nyumba kongwe kuliko zote kijijini, iwe ya udongo, iwe ya matofali ya kuchoma, iwe kituo cha reli ya Uhuru iliyokabidhiwa mwaka 1976. Na waulize: nani aliijenga? Fedha zilitoka wapi? Kila kitu kilichomo kilitoka msitu gani na tanuri gani? Nani aliikarabati mara ya mwisho, na lini? Majibu ya maswali hayo manne, yakiandikwa katika daftari, yatakuwa ni historia ya taifa iliyoandikwa na wenyewe.

Sisi tumekwisha kuandika barua nyingi katika maisha yetu. Tungependa vijana waandike chache kuliko sisi, na wapande juu ya paa mara nyingi zaidi, kabla ya masika.